Utangulizi: Vita Vilivyobaki Ardhini

Baiskeli ina mwendo unaomfaa mwanafunzi wa akiolojia ya viwanja vya vita. Ndani ya gari, kilima cha Salaita hupita dirishani kama kichuguu. Lakini ukiendesha baiskeli kutoka Voi hadi Taveta, takribani kilomita 110, mapaja yatakueleza kila mwinuko, na koo lako litauliza swali lililowasumbua makamanda wa Vita vya Kwanza vya Dunia: maji yako wapi?

Anza na swali hilo. Wajerumani waliitwaa Taveta Agosti 1914. Ili kuwatoa, Waingereza walipaswa kuvuka nyika kavu, kwa hiyo mwaka 1915 wakatandaza reli kutoka Voi kuelekea magharibi. Kambi ya Maktau ilizaliwa na reli hiyo. Mtu akiona ngome huona ukuta tu. Sisi tunataka pia kujua chakula na maji viliufikia kwa njia gani.

Salaita ni darasa zuri. Tarehe 12 Februari 1916, mizinga ya Waingereza ilitwanga kileleni, kumbe mahandaki ya kweli ya Wajerumani yalikuwa chini, yamefichwa na vichaka. Vikosi vya Afrika Kusini vikapata hasara kubwa, vikarudi nyuma. Teremka kwenye baiskeli, uchuchumae chini ya kilima, utazame upande wa Mbuyuni, walikotokea washambuliaji. Ramani haikuoneshi jinsi kichaka cha urefu wa kiuno kinavyommeza mtu mzima. Ukikuta ganda la risasi, lipige picha, uandike mahali lilipo, kisha uliache palepale. Likishaingia mfukoni halina tena la kusema.

Makaburi nayo husomwa. Pale Voi amelala Wilbur Dartnell, aliyekataa kuwaacha majeruhi wake karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915, akatunukiwa Msalaba wa Victoria baada ya kufa. Taveta nako kuna makaburi ya kijeshi, mawe yamepangwa kwa safu, jina kwa jina.

Sasa hesabu waliokosekana. Wapagazi waliofia upande wa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa karibu 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, utalisikia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, lakini majina yao wenyewe huyakuti kwenye safu hizo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa sawa na wenzao.

Basi karibu. Kurasa zijazo zitakufundisha kupima handaki na kusoma jiwe la kaburi. Lakini kwa kila kitu utakachokikuta, sanduku la risasi au pipa la maji, uliza kwanza: nani alikibeba hadi hapa?