Shina au Njia Kuu?

Katika maelekezo ya mitambo ya simu za ofisini, kiungo kati ya mtambo wa ofisi na shirika la simu hubeba, kwa Kiingereza, jina la shina la mti. Mfasiri aweza kushawishika kuandika shina, na simu za ndani kuziita matawi. Hatukubaliani naye. Katika muundo wa Chama cha Mapinduzi, kilichoundwa mwaka 1977, shina liko chini ya tawi. Mtumishi wa Kibondo au Kasulu atauelewa mpangilio kinyume.

Twapendekeza njia kuu. Kwa kipimo kitumikacho Afrika Mashariki na Ulaya, njia kuu moja ya kidijitali ina nafasi 32: thelathini ni za mazungumzo, moja ya kuoanisha mwendo wa mitambo, na moja ya ishara za kuita na kukata simu. Kipimo cha Marekani kina nafasi 24.

Nafasi huhesabiwa kuanzia sifuri. Ya ishara ni namba 16. Basi iandikwe "nafasi namba 16", wala si "nafasi ya kumi na sita", ambayo fundi ataihesabu kuanzia moja. Pande mbili zisipopangwa sawa, simu hazipiti.