Woga Uliozaa Woga: Ebola ya Beni na Butembo

Mfumo ni vitu vinavyotegemeana: ukigusa kimoja, vingine navyo hutikisika. Namna ya kuutazama hivyo, iliyokuzwa na Jay Forrester huko Marekani tangu miaka ya 1950, na baadaye na Donella Meadows, inasaidia sana kuelewa yaliyoikumba Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, karibu na Beni. Safari hii chanjo ilikuwepo, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Hata hivyo ugonjwa ulidumu karibu miaka miwili na kuua watu 2,287. Virusi pekee havitoshi kueleza msiba huo.

Ebola huanza kwa homa, kama malaria. Mgonjwa aliyeogopa kupelekwa CTE, yaani kituo cha tiba ya Ebola, alikwenda zahanati ya mtaani au akabaki nyumbani, akawaambukiza waliomwuguza. Alipofikishwa CTE alikuwa amechelewa, akafa. Majirani wakaamini kuwa CTE ndiyo inayoua, na mgonjwa aliyefuata akajificha zaidi. Hapo tokeo limegeuka kuwa chanzo. Mzunguko unajilisha wenyewe.

Mzunguko huo ulikuwa ndani ya mwingine, mkubwa zaidi. Raia wa Beni walikuwa wakichinjwa na makundi yenye silaha tangu Oktoba 2014, nao walijiuliza kwa nini magari na fedha vimekuja kwa ajili ya Ebola tu. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa sababu. Waandamanaji wakavamia kituo cha afya cha Beni. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili daktari Richard Mouzoko akauawa Butembo. Kila shambulio lilisimamisha kazi, maambukizi yakapanda. Walinzi wenye silaha walioletwa walizidisha shaka. Kosa hilo linaeleweka, lakini lilikuwa kosa.

Meadows alifundisha kutafuta mahali ambapo msukumo mdogo hugeuza mfumo mzima. Hapa mahali hapo palikuwa imani ya watu, nayo ilijengwa kwa hatua ndogo. Katika vyumba vya plastiki angavu, vilivyotumika Beni, mama aliweza kumwona mwanawe kitandani na kuzungumza naye. Waliopona waliajiriwa kulea watoto waliotengwa na mama zao wagonjwa.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Ebola iliporudi upande wa Butembo Februari 2021, waliougua walikuwa 12, nayo ikatangazwa kwisha tarehe 3 Mei.