Pidgin: Programu Iliyofahamu Lugha za Mitandao Mingi

Mwenye simu ya kampuni moja humpigia mwenye simu ya kampuni nyingine pasipo kulifikiria jambo hilo, na barua-pepe nazo huvuka kutoka shirika hili hadi lile bila kizuizi. Ujumbe wa papo kwa papo kwa sehemu kubwa haukupata uhuru huo. Anayetumia WhatsApp mjini Mombasa hawezi kwa njia hiyo kumwandikia nduguye aliye na Telegram peke yake. Kizuizi hicho hakitokani na udhaifu wa mitambo. Kilijengwa na watu, na historia ya programu iitwayo Pidgin yaonyesha jinsi kilivyojengwa.

Mtandao wa ICQ ulianzishwa nchini Israeli mwaka 1996. Mwaka uliofuata kampuni ya Kimarekani ya AOL ilitoa mtandao wake, AIM. Yahoo ikafuata mwaka 1998 na Microsoft mwaka 1999. Kila mmoja ulikuwa na itifaki yake, yaani kanuni zinazoamua jinsi kompyuta mbili zitakavyosalimiana, zitakavyothibitisha jina la mtumiaji na jinsi zitakavyopokezana maneno yake. Mwenye marafiki katika mitandao minne alilazimika kufungua programu nne.

Mwaka 1998 Mark Spencer, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, aliandika programu ya kuwawezesha watumiaji wa Linux kuingia katika mtandao wa AIM. Aliiita Gaim, akaitoa kwa leseni huria: kila mtu aliruhusiwa kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuugawa. Wengine waliipokea kazi hiyo na kuiongezea itifaki moja baada ya nyingine. Muundo wake ulikuwa wa busara. Kiini kilitunza orodha ya marafiki na kumbukumbu za mazungumzo, na kila itifaki ilikuwa kipande cha pekee kilichochomekwa pembeni, hata kipande kimoja kilipoharibika vingine viliendelea na kazi.

Navyo viliharibika mara kwa mara. AOL ilikuwa na itifaki mbili: TOC, nyepesi, ambayo kampuni yenyewe iliitangaza, na OSCAR, iliyotumiwa na programu yake rasmi. Waandishi wa Gaim waliipata ile ya pili kwa kuchunguza baiti zilizopita katika waya na kukisia maana yake, kama mtu ajifunzaye lugha kwa kusikiliza mazungumzo ya nyumba ya pili. Kampuni haikupendezwa. Microsoft ilipojaribu mwaka 1999 kuiunganisha programu yake na AIM, AOL iliifungia mlango tena na tena, na kabla ya mwaka kwisha Microsoft ikaacha.

Hila moja iliyoigusa Gaim yastahili kuelezwa. Mtambo wa AOL uliweza kuiuliza programu iliyounganishwa nao swali la ghafla: chukua baiti kadhaa kuanzia mahali fulani katika faili lako, zipigie hesabu, uniletee jibu. Programu rasmi ilijibu kwa urahisi, kwa kuwa faili lililoulizwa, aim.exe, lilikuwa ni mwili wake mwenyewe. Gaim haikuwa na mwili huo. Waandishi wake waliifundisha kupeleka swali kwenye tovuti ya mradi, kupata jibu hapo, na kulirudisha kwa AOL kana kwamba imejijibia. Kama tovuti haikujibu, mtumiaji alionywa kwamba huenda atakatiwa mawasiliano, na kwamba ni heri atumie TOC kwa muda. Wahandisi wa kampuni tajiri na watu wa kujitolea walishindana hivyo kwa sababu ya salamu za marafiki!

Ugomvi wa jina ulikuwa wa mawakili zaidi. AOL ililalamikia herufi zake kuwamo katika jina la programu, na mwezi Aprili 2007 Gaim ikawa Pidgin. Pijini ni lugha ya dharura ya watu wasioelewana, mathalani Kisetla cha walowezi na wafanyakazi wao nchini Kenya. Kusema kweli jina hilo halifai sana. Programu hii haikuunda lugha ya tatu; ilijifunza kila lugha kama wenyewe walivyoisema, ikawa mkalimani.

Mitandao iliyolindwa kwa ukali huo haikudumu. AIM ilifungwa mwaka 2017, Yahoo Messenger mwaka 2018, ICQ mwaka 2024. Itifaki ya wazi ya XMPP, ambayo mizizi yake ni mradi wa Jabber uliotangazwa mwaka 1999, ingali inatumika, na Pidgin inaifahamu.

Tangu Machi 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inailazimisha kampuni ya Meta kuifungua WhatsApp, ndani ya nchi za Umoja huo, kwa huduma nyingine zinazoomba kuunganishwa. Hapa pana ugumu ambao waandishi wa Gaim hawakukutana nao katika AIM. Ujumbe wa WhatsApp hufumbwa katika simu ya mtumaji na kufumbuliwa katika simu ya mpokeaji tu. Mkalimani akisimama katikati, hapana budi aufumbue ili autafsiri, na siri imekwisha kuvuja. Kwa hiyo sheria yataka usalama usipungue: huduma inayoomba kuunganishwa haina budi kufumba ujumbe kwa namna ambayo WhatsApp itauelewa bila mtu wa kati kuusoma.