Usinunue Kitabu cha Historia kwa Kuhesabu Kurasa

Swali huja kwa maneno karibu yale yale kila mara: "Mwalimu, binti yangu anasomea nyumbani, ana miaka kumi na mitano na anasoma haraka kuliko wenzake. Nimnunulie kitabu gani cha historia ambacho ni kigumu kidogo?" Nikimuuliza mzazi ugumu anaousema ni upi, hunijibu moja kati ya mawili. Ama anataka kitabu cha chuo kikuu, ama ameona alama kwenye tovuti ya wauza vitabu inayosema kitabu fulani ni cha darasa fulani. Nimelijibu swali hili kwa simu na kwenye mikutano ya wazazi hadi nimechoka, kwa sababu linaulizwa kinyume.

Imani inayolizaa ni kwamba ugumu wa kitabu cha historia umo katika lugha yake: sentensi ndefu, msamiati mzito, kurasa nyingi. Imani hiyo ni potofu, na inawapotezea vijana werevu ile miaka ambayo wangejifunza kusoma historia sawasawa.

Chukua hizo alama zenyewe. Kipimo kinachotumika sana Marekani, Lexile, ambacho familia nyingi hapa Kenya hukutana nacho zinapoagiza mitaala ya huko, huangalia mambo mawili: urefu wa sentensi, na kama maneno yaliyotumika ni ya kawaida au ya nadra. Basi. Hakijui kama mwandishi alishuhudia au alisimuliwa, wala kama anatetea serikali iliyomlipa. Night, kumbukumbu za Elie Wiesel kuhusu kambi za Auschwitz na Buchenwald, hupewa alama zisizofika 600, yaani kiwango cha mtoto wa shule ya msingi. Mwalimu gani atampa mtoto wa miaka tisa kitabu kile? Hata wenye kipimo wanakiri kwamba hakipimi maudhui wala hakisemi kitabu kinafaa umri gani. Wazazi hulisoma onyo hilo, kisha hununua kwa alama vilevile.

Tuje nyumbani. Mwaka 1963 Josiah Mwangi Kariuki alichapisha "Mau Mau" Detainee, masimulizi ya kuzuiliwa kwake tangu 1953 hadi 1960 katika kambi kumi na nne. Kiingereza chake ni chepesi; mwanafunzi wa kidato cha pili atakisoma bila kamusi. Kwa hesabu za mzazi wangu wa simu, kitabu hiki ni rahisi. Lakini mkalishe binti yako nacho na umuulize: mwandishi huyu alikuwa akiingia katika siasa mwaka ule ule kitabu kilipotoka, je, hilo limeamua nini cha kusema na nini cha kunyamazia? Kwa nini dibaji iliandikwa na Margery Perham, msomi wa Oxford aliyekuwa bingwa wa masuala ya utawala wa kikoloni? Kariuki alitaka nani asome, Mkenya au Mwingereza? Hapo atarudi kwenye kurasa alizodhani amezimaliza.

Sasa weka kando yake ripoti ya F. D. Corfield ya 1960, iliyoandikwa kwa agizo la serikali ya kikoloni kuhusu chanzo cha Mau Mau. Lugha yake ni nzito, ya kiofisi, na mzazi akiiona atafurahi kwamba hatimaye amepata kitabu kigumu. Hajakipata bado. Kijana akiisoma peke yake ataamini kwamba lawama ni ya Kenyatta na wanasiasa wenzake, kama vile akimsoma Kariuki peke yake atakavyomwamini Kariuki. Kazi ngumu huanza vitabu viwili vinapolala meza moja na havikubaliani, na kijana analazimika kueleza ni kwa ushahidi gani anamkubali huyu na kumkataa yule.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa idadi ya waliokufa katika vita vya Mau Mau, na sijali kama nitaurefusha. Mwaka 2005 mwanahistoria Caroline Elkins alichapisha kitabu kilichojulikana Uingereza kwa jina la Britain's Gulag. Alilinganisha sensa ya 1948 na ya 1962, akaona Wakikuyu hawakuongezeka kwa kasi ya jamii jirani, akakadiria kwamba watu kati ya 130,000 na 300,000 hawakujulikana walikokwenda. Mwaka huo huo mwanahistoria mwenzake David Anderson alitoa Histories of the Hanged, akitumia majalada ya mahakama, na kuonyesha kwamba watu 1,090 walinyongwa. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, aliipitia upya hesabu ya sensa na kukadiria vifo vya ziada vipatavyo 50,000, karibu nusu yao watoto wa chini ya miaka kumi. Serikali ya kikoloni yenyewe ilihesabu wapiganaji waliouawa kuwa zaidi ya 11,000.

Kijana mvivu atasema wanahistoria hawaelewani, na atafunga kitabu. Kijana aliyefundishwa ataona kwanza kwamba takwimu hizi hazihesabu kitu kimoja. Moja ni ya waliopelekwa kitanzini kwa hukumu ya mahakama. Nyingine ni ya waliouawa vitani. Ya Blacker inamwingiza hata mtoto aliyekufa kwa maradhi na njaa katika vijiji ambamo watu walihamishiwa kwa lazima. Kisha ataingia kwenye hesabu ya Elkins na kuuliza: ni haki kudhani kwamba jamii mbili jirani zinazaa na kufiwa na watoto kwa kiwango kimoja? Hapo ndipo Blacker alipoipinga. Hesabu inayohitajika haizidi ya shule ya upili. Na akili inayohitajika ndiyo hasa tunayodai tunataka kuikuza.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2011 ilibainika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imehifadhi kwenye kituo chake cha Hanslope Park mafaili ya makoloni ambayo hayakuwa yamefunguliwa kwa umma. Elkins alikuwa miongoni mwa wanahistoria waliotoa ushahidi katika kesi ya wazee wa Kenya walioteswa, na mafaili hayo yaliunga mkono aliyoyaandika kuhusu mateso kambini, mambo ambayo wakosoaji walikuwa wameyatilia shaka kwa sababu alitegemea sana masimulizi ya mdomo. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kwa hiyo kitabu kile kile kimepata nguvu kuhusu mateso na bado kinapingwa kuhusu idadi ya vifo. Kijana wa miaka kumi na sita akilielewa hilo, akaweza kuliandika kwa ukurasa mmoja bila kumtukana mtu, amefanya kazi ngumu kuliko aliyemeza kurasa mia sita.

Kuhusu hizo kurasa mia sita, sisemi vitabu vya kiada vitupwe. Ila mzazi aelewe vilivyo: kitabu kinachoorodhesha sababu sita za jambo na athari tano za jambo hakina hoja ya kupingwa, kwa hiyo hakina ugumu wowote isipokuwa wa kukariri. Kitumike karibu na mtihani. Wala sidharau vitabu vya chuo kikuu. A Modern History of Tanganyika cha John Iliffe, cha 1979, ni miongoni mwa vitabu bora vilivyowahi kuandikwa kuhusu eneo letu. Lakini kumpa kijana akianze ukurasa wa kwanza na kumwambia amalize ni kumfukuza katika somo. Mpe sura ya vita vya Maji Maji pekee. Mpe pamoja nayo tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya 1969, na Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Amuulize mshairi yuko upande wa nani, na amuulize Hussein alibadilisha nini na kwa sababu gani.

Mengine nayasema upesi. Zanzibar: Abdul Sheriff, Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar, cha 1987, kwa uchumi wa karafuu na pembe, kando yake kumbukumbu za Emily Ruete, binti wa Sultani Seyyid Said, zilizotoka 1886, ambazo kijana ataona haraka zinavyouzungumzia utumwa. Hoja kubwa ya bara zima: Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, 1972, asikisome bila kumtafuta mtu anayempinga. Anayetaka Kiswahili kitupu: Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, na aangalie namna mwandishi anavyohalalisha utawala wa ukoo huo. Mwenye bajeti ndogo: juzuu nane za historia ya Afrika za UNESCO zinapatikana bure mtandaoni, na Bethwell Ogot ndiye mhariri wa juzuu ya tano, chagua sura, usichague juzuu. Anayejiandaa kwa IGCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi asiogope kwamba njia hii inamtoa kwenye mtihani, kwa sababu mtihani wake wa historia una karatasi nzima ya kuchambua vyanzo. Vitabu vya mateso, hasa cha Elkins, mzazi avisome kwanza yeye mwenyewe, kisha aamue ni sura zipi zisubiri.

Kujua kama kitabu kimezidi kimo, mwache kijana asome sura moja, kisha muulize mambo matatu: mwandishi anataka tuamini nini, anaonyesha ushahidi gani, na nani angemkatalia. Akishindwa la kwanza hata baada ya kurudia sura, badilisha kitabu, bila kumlaumu. Akiyajibu yote matatu bila kufungua kitabu tena, mtafutie mwandishi wa pili anayempinga huyo. Na ukiwa Nairobi, mpeleke kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, uulize utaratibu wa kuingia chumba cha kusomea, umwache asome barua moja ya mkuu wa wilaya ya mwaka 1953 kuanzia anwani hadi sahihi.