Gulio liko lini, ngoma inachezwa wapi: tujue ya Usukumani kabla ya kulipa nauli

Mavuno yakiisha Usukumani, mambo mawili huja pamoja: fedha za pamba na mpunga huingia mfukoni, na ngoma hutoka ndani. Kuanzia Juni hadi Agosti vijiji vingi vya Mwanza, Simiyu na Shinyanga vina kitu cha kuuza na kitu cha kutazama. Hata hivyo, wapo wanaolipa nauli ya kwenda na kurudi Mwanza mjini kufuata jembe na sufuria, wakati vitu hivyo hivyo vinashushwa keshokutwa kwenye gulio la kata ya jirani. Nauli hiyo ingetosha kununua sufuria ya pili.

Msikilizaji, gulio na mnada vina mzunguko wake. Mfanyabiashara aliyetandika turubai hapa leo, kesho yuko kijiji kingine na keshokutwa kingine, mpaka siku yake ya kurudi hapa ifike. Kwa hiyo mtu mwenye ratiba nzuri kuliko zote ni huyo huyo muuza mitumba au muuza vyombo. Muulize anatoka wapi na anaelekea wapi, andika kwenye simu yako, na baada ya kuwauliza wawili watatu utakuwa na ramani ya wiki nzima. Ofisi ya mtendaji wa kata nayo inazijua siku hizo, maana halmashauri hukusanya ushuru hapo.

Saa ya kwenda nayo ina maana yake. Ukitaka kuchagua nguo au vyungu, wahi asubuhi. Ukitaka bei ishuke, subiri jioni, kwa sababu hakuna anayependa kufunga mzigo upya na kuulipia usafiri. Kwenye ng'ombe na mbuzi ni kinyume: wanunuzi wa mbali hujaza malori mapema, na muuzaji anayefika mchana hukuta walanguzi wanaojua kwamba hataki kurudi na mnyama wake nyumbani. Ukinunua mnyama, usiondoke bila stakabadhi ya ushuru na kibali cha kumsafirisha. Ukisimamishwa njiani bila karatasi hizo, ni vigumu kuthibitisha kwamba ng'ombe hakuibwa. Na nyama choma ya mnadani tusiisahau. Wapo wanaokwenda kwa ajili hiyo tu, na sisi hatuwalaumu.

Sasa ngoma. Sherehe kubwa ni Bulabo, inayofanyika Kisesa na Bujora wilayani Magu. Neno bulabo kwa Kisukuma ni maua, na sherehe hiyo imefungamana na sikukuu ya Wakatoliki ya Ekaristi Takatifu. Hiyo ndiyo sababu tarehe yake haikai mahali pamoja. Ekaristi huhesabiwa kutoka Pasaka: hesabu siku 60 baada ya Jumapili ya Pasaka, utafika Alhamisi ya sikukuu yenyewe, ingawa parokia nyingi huiadhimisha Jumapili inayofuata. Ukiijua Pasaka ya mwaka, umeshajua ni wiki zipi za kutega sikio.

Kinachovuta watu ni mashindano ya Wagika na Wagalu. Inasimuliwa kwamba pande hizi mbili zilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, waliopimana nguvu katika karne ya 19. Mpaka leo vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Ndiyo maana utaona chatu mabegani mwa wachezaji, vinyago, na kila mbinu ya kumfanya mtu ahame upande wa pili. Kwa mpangilio huo mtazamaji ndiye mwamuzi, na miguu yake ndiyo kura. Kikundi kilichofanya mazoezi mwezi mzima kinaweza kushindwa kwa sababu tu watu wa kijiji chake hawakupata habari wakabaki nyumbani. Hilo si dogo kwa manju aliyetunga nyimbo mpya usiku kucha.

Habari zenyewe siku hizi huja kwa picha za matangazo kwenye simu, na hapo tuwe macho. Tangazo la mwaka jana husambazwa tena na mtu asiye na nia mbaya, wewe ukafunga safari. Kuna njia rahisi ya kulipima: linganisha siku na tarehe. Likisema Jumamosi tarehe 14, na kalenda ya simu yako inaonyesha tarehe 14 ni Jumapili, hilo ni la zamani au lina kosa. Likikutaka utume kiingilio kwa namba usiyoijua, usitume. Mpigie kwanza mtendaji au kiongozi wa kikundi unayemfahamu.

Agosti kuna Nanenane. Kwa watu wa Mwanza, Geita na Kagera viwanja viko Nyamhongolo, Ilemela. Kwa Simiyu, Mara na Shinyanga viko Nyakabindi, Bariadi. Mbegu, zana na mifugo bora huonyeshwa mahali pamoja, na ni nafasi ya kuuliza maswali ambayo muuza pembejeo wa kijijini huyakwepa.

Na usipopata ngoma yoyote, Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora hayasubiri msimu. Humo mna ngoma za watemi, na jengo moja limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Panda gari la barabara ya Musoma kutoka Mwanza, shuka Kisesa baada ya kilometa kama 20, kisha bodaboda hadi juu. Patana nauli kabla ya kupanda, na chaji simu tangu nyumbani.