Kuanzisha uchungu na kuongeza uchungu

Uchungu, kwa maana ya maumivu ya uzazi, ni nomino ya ngeli ya U- isiyo na wingi. Kamusi huitaja maana hii baada ya ladha ya shubiri na huzuni ya moyo, kisha huishia hapo. Vitenzi vinavyoandamana na neno hili hupewa nafasi ndogo, ilhali katika wodi ya wazazi vitenzi ndivyo vinavyobeba habari. Uchungu humshika mwanamke, humjia, huanza, hukolea, hupoa, hukata. Yote hayo hutokea yenyewe. Vitenzi viwili huleta mkono wa mtu mwingine: kuanzisha na kuongeza.

Kuanzisha uchungu ni kuuleta pale ambapo haujakuwapo. Mimba imepitiliza siku, au shinikizo la damu la mama limepanda, au chupa imepasuka na saa zinapita bila dalili nyingine. Kuongeza uchungu ni kuutia nguvu uchungu ulioanza wenyewe kisha ukalegea. Dawa huweza kuwa ile ile, dripu ile ile, hata chumba kile kile. Uamuzi ni tofauti, na hatari zake hupimwa kwa namna tofauti. Baadhi ya wafasiri hukwepa tatizo hili kwa kutumia kuchochea uchungu kwa maana zote mbili. Neno hilo ni zuri kwa kuongeza, kwa sababu kinachochochewa ni moto uliokwisha kuwaka. Kwa kuanzisha halifai.

Mtaani tofauti hiyo hupotea kabisa. Mwanamke atasema amechomwa sindano ya uchungu, au amewekewa dripu ya uchungu, na msikilizaji hawezi kujua kama alikuwa na uchungu kabla. Kirai dawa ya uchungu kina utata zaidi: chaweza kufahamika kama dawa ya kuleta uchungu, dawa ya kuutuliza, au, kwa asiyeangalia sarufi, dawa iliyo chungu. Mwandishi wa kipeperushi cha afya hana budi kutaja kitenzi kila mara: dawa ya kuanzisha, dawa ya kuongeza, dawa ya kutuliza.

Tabora ni mahali pazuri pa kulichunguza neno hili. Mji huo ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Hapo njia moja ilishika magharibi kwenda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipoingia Kazeh mwaka 1857 walikuta makazi ya wafanyabiashara wa pwani, na Kiswahili kilichosikika huko kilikuwa kimesafiri na misafara hiyo kutoka upande unaotazamana na Unguja. Ndiyo maana mkazi wa Tabora husema uchungu na si utungu, umbo linalojulikana zaidi katika lahaja za kaskazini na katika maandishi ya kidini. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 imeyatumia maneno yote mawili katika aya moja, Mwanzo 3:16, na kuliachia utungu kazi ya uzazi. Ali Muhsin al-Barwani, mtu wa Unguja, katika tafsiri yake ya Qurani ametumia uchungu katika Sura ya Maryam, aya ya 23. Mwandishi wa leo anayetaka kueleweka na mama wa Sikonge au Uyui atumie uchungu; utungu aubakize kwa ushairi na ibada.

Lakini jambo zito zaidi la Tabora si umbo la neno. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Tanzania, kuongeza uchungu ni jina la kazi inayofanyika nyumbani pia. Mama mkwe, bibi au mkunga wa jadi humpa mzazi maji ya mizizi au majani ili asikae na maumivu muda mrefu, na hasa asifike hospitali mapema akaambiwa njia bado. Dawa hiyo ya miti na dripu ya hospitali zina jina moja kwa sababu zinakusudiwa kufanya kazi moja. Muuguzi akiuliza, "Mama, umetumia dawa yoyote?" huweza kujibiwa, "Hapana," na jibu likawa la kweli kwa anayejibu: ndani ya hospitali, dawa ni kidonge na sindano. Swali lenye maana ni jingine: "Kuna kitu chochote ulichokunywa nyumbani ili uchungu uongezeke?" Mama aliyekwisha kunywa dawa ya miti, akawekewa dripu juu yake, huweza kupata mikazo ya mfululizo isiyompa mtoto nafasi ya kupumua. Katika hali ya kawaida uchungu ulioshika vizuri hukaza takribani mara tatu ndani ya dakika 10. Ukizidi mara tano, umepita kiasi. Wakunga husema mtoto amechoka. Mfasiri asiyelijua fumbo hilo ataliandika kama uchovu wa kawaida, kumbe ni taarifa ya hatari.

Kwa mwanamke anayezaa kwa mara ya kwanza, kuanzishiwa uchungu ni safari ndefu. Mlango wa kizazi chake haujawahi kufunguka kwa ajili ya mtoto, na mara nyingi siku dawa inapotolewa bado ni mgumu na umefunga. Mwaka 1964 daktari Mmarekani Edward Bishop alipendekeza kuupima kwa alama, kuanzia 0 hadi 13: umefunguka kiasi gani, umekuwa mwembamba kiasi gani, ni laini au mgumu, umeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Inafaa kukumbuka kwamba Bishop aliwakusudia wanawake waliokwisha kuzaa. Kipimo hicho kilihamia kwa wazazi wa mara ya kwanza baadaye. Alama zikiwa chache, hatua ya kwanza ni kuulainisha mlango kwa dawa au kwa mpira wenye puto, na hatua hiyo peke yake yaweza kumaliza siku nzima. Mama anayeambiwa tu kwamba "leo tunakuanzishia uchungu" huamini kwamba leo hiyo hiyo atajifungua. Jioni inapofika bila mtoto, yeye na ndugu waliokaa nje hudhani kuna jambo limeharibika. Kitenzi anzisha kinasema mwanzo tu, wala hakiahidi mwisho. Anayeeleza ndiye anayepaswa kuongeza neno kuhusu muda.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito asiye na tatizo jingine aanzishiwe uchungu akitimiza wiki 41, ikiwa hesabu ya mimba ina hakika. Hapo pana mtego wa lugha. Mimba ya miezi tisa ya mazungumzo si kipimo. Wiki 40 ni siku 280 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hesabu ambayo kliniki huifanya kwa kuongeza miezi tisa na siku saba. Anayetafsiri wiki kwa miezi huipoteza ile wiki moja ambayo ndiyo inayobishaniwa.

Vipimo vya dawa havisamehi kabisa. Misoprostoli ya kuanzisha uchungu hutolewa kwa mikrogramu 25, na kidonge kinachopatikana kwa wingi ni cha mikrogramu 200, yaani mara nane yake. Herufi za kifupisho cha mikrogramu zikisomwa kuwa miligramu, kosa ni la mara elfu. Katika Kiswahili kipimo hiki kiandikwe kwa ukamilifu, hata kama nafasi ni ndogo. Oksitosini nayo ina kazi mbili zilizo mbalimbali: kwa matone ya taratibu huleta au huongeza uchungu, na kwa sindano moja baada ya mtoto kutoka huzuia damu kuvuja. Jina lake limetokana na Kigiriki, lenye maana ya kuzaa haraka, na halimsaidii msomaji kuzitenganisha. Kuziita zote mbili sindano ya uchungu ni kosa.

Mzazi wa mara ya kwanza asiitwe mzaliwa wa kwanza. Huyo ni mtoto, naye pia huitwa kifungua mimba. Tena mimba ya kwanza na uzazi wa kwanza si kitu kimoja. Mwanamke ambaye mimba yake iliharibika zamani ana mimba ya pili na uzazi wa kwanza, na mlango wa kizazi chake utaendelea kuwa kama wa mzazi mgeni. Maswali mawili ya kliniki, mimba ya ngapi na amezaa mara ngapi, yaachwe yakiwa mawili katika tafsiri.

Kitenzi pasua kinahitaji uangalifu wa namna yake. Chupa kupasuka ni jambo la kawaida: ni mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, wala si chupa ya kioo. Kupasua chupa ni tendo la mkunga, mojawapo ya njia za kuongeza uchungu. Mfuko wa uzazi kupasuka ni maafa; kwa mzazi wa kwanza ni nadra, lakini kwa mwenye kovu la upasuaji hatari huwa kubwa, na ndiyo sababu misoprostoli hakubaliwi kupewa. Mama kupasuliwa ni kujifungua kwa operesheni. Ndugu anayepiga simu kutoka hospitali hadi kijijini na kusema tu, "Amepasuka," huwaacha watu usiku kucha na habari wasiyoweza kuipima, kwa sababu ametaja kitenzi na kusahau nomino.