Hewa si pumzi: Kwa nini kipimo cha moshi hakina budi kumfuata mtu

Mwezi uliopita nilimtembelea shangazi yangu kijijini, kaunti ya Vihiga. Tulikuwa tumeketi uani tukingoja chai, binamu yangu akanionyesha simu yake. Programu ya ubora wa hewa ilikuwa imepaka eneo lote rangi ya kijani. "Umeona? Sisi huku hatuna shida kama nyinyi watu wa Nairobi. Hewa safi kabisa!" akasema kwa majivuno. Shangazi alikuwa jikoni, ameinamia mafiga, akipuliza kuni ambazo hazijakauka vizuri. Alitoka akijifuta machozi kwa pindo la leso, akakohoa, kisha akamuuliza mwanawe: "Na hiyo simu yako iliingia jikoni kwangu saa ngapi?"

Tulicheka, lakini swali hilo halijanitoka akilini. Wanasayansi wa afya wamelihangaikia kwa miaka mingi. Ni swali la sayansi, na naona pia ni swali la lugha, kwa sababu maneno tunayoyatumia kuzungumzia moshi huficha jambo ambalo shangazi aliliona mara moja.

Tunaposema "uchafuzi wa hewa", tunatia mambo matatu katika kapu moja. Kuna hatari, yaani moshi wenyewe. Kuna mtu kukutana na hatari hiyo: yuko wapi, kwa muda gani, na anavuta kiasi gani. Kisha kuna athari, yaani maradhi yanayoweza kufuata. Wahenga walishatenganisha mambo haya waliponena kuwa aliye kando haangukiwi na mti. Mti unaoanguka ni hatari. Kusimama chini yake ni jambo la pili. Kuumia ni la tatu. Ukiupima mti peke yake, urefu na uzito wake, hujajua nani ataumia.

Hilo jambo la pili ndilo linalotusumbua kulitaja. Nimesoma matini za afya zinazosema "watoto waliofichuliwa kwa moshi". Jamani! Kufichua ni kutoa hadharani kilichositirika. Mtoto aliyelala mgongoni mwa mamake jikoni hajafichuliwa na yeyote. Wengine huandika "walioathiriwa na moshi". Hapa kosa ni kubwa zaidi, ingawa sentensi ni sanifu, kwa sababu neno hilo limeshatoa hukumu kabla ya uchunguzi. Mtafiti anataka kujua kama waliovuta moshi mwingi wanaugua kuliko waliovuta kidogo. Ukiwaita wote "walioathiriwa" tangu mwanzo, umelijibu swali kabla ya kuliuliza. Mimi napendekeza "kukabiliwa na moshi", na nomino yake iwe "ukabiliwaji". Neno hilo linasema mtu na moshi wamekutana, basi. Madhara yatathibitishwa baadaye.

Sasa ukabiliwaji hupimwaje? Wataalamu huangalia hasa chembe laini zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe hizi hazionekani moja moja kwa macho. Udogo huo ndio unaozifikisha ndani kabisa ya mapafu, na baadhi hupenya hadi kwenye damu. Wingi wake hutajwa kwa mikrogramu katika kila mita ya ujazo ya hewa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza wastani usizidi mikrogramu 15 kwa saa 24, na 5 kwa mwaka.

Hebu tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme hewa ya uani ina mikrogramu 20 mchana na usiku, na jikoni, kuni zikiwaka, ni 1,000. Baba anashinda nje na kulala kwenye nyumba isiyofikiwa na moshi. Wastani wake ni 20. Mama anakaa jikoni saa tatu kwa siku, na saa 21 zilizosalia anavuta hewa ileile ya baba. Zidisha 1,000 kwa 3, ongeza 20 mara 21, kisha gawa kwa 24. Unapata karibu 143. Boma ni moja, siku ni moja, na kifaa kilichotundikwa uani kinasoma 20 tu. Lakini mama amekabiliwa na moshi mara saba zaidi ya mumewe.

Ndiyo maana watafiti hawatosheki na kituo kimoja cha kupimia kilichosimamishwa mjini. Wengine humvisha mtu kifaa kidogo chenye pampu inayovuta hewa karibu na pua yake na kuipitisha kwenye chujio. Chujio hupimwa uzito kabla na baada, na tofauti ndiyo uzito wa chembe zilizonaswa. Wengine hupima kaboni monoksidi katika pumzi anayoitoa. Wengine huweka daftari la mienendo: saa fulani alikuwa wapi, akifanya nini.

Mfano mmoja maarufu ulifanyika hapahapa kwetu. Katika miaka ya 1990, Majid Ezzati na Daniel Kammen, pamoja na wenzao, walipima moshi katika nyumba 55 huko Laikipia. Kwa zaidi ya siku 200, saa 14 kila siku, walirekodi moshi na pia mahali alipokuwa kila mtu na kazi aliyokuwa akiifanya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba vipindi vifupi vya moshi mzito, kama vile wakati wa kuwasha au kuchochea moto, vilichangia asilimia 31 hadi 61 ya ukabiliwaji wote wa waliopika. Kwa wasiopika, vilichangia asilimia 0 hadi 11 tu. Hesabu za wastani zilizopuuza vipindi hivyo, mahali na mienendo zilipunguza ukweli kwa asilimia 3 hadi 71, kutegemea ni kundi gani la watu. Kwa maneno mengine, kipimo kibaya hakiwaonei wote sawa. Humwonea zaidi anayeinama mekoni.

Mwaka 2001 watafiti haohao waliunganisha vipimo hivyo na maradhi ya njia ya hewa, nimonia ikiwemo. Kadiri ukabiliwaji ulivyoongezeka ndivyo maradhi yalivyoongezeka. Lakini ongezeko lilikuwa kali zaidi katika viwango vya chini, kisha likapungua kasi baada ya mikrogramu 1,000 hadi 2,000 hivi. Maana yake kwa jikoni zetu ni nzito. Jiko "bora" linalopunguza moshi kutoka 4,000 hadi 2,000 limepunguza nusu ya moshi, ila huenda lisipunguze nusu ya maradhi. Nafuu kubwa iko huko chini, moshi unapokaribia kuisha.

Si jambo dogo. WHO inakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 walio chini ya miaka mitano. Wengi waliobaki waliuawa na maradhi ya moyo, kiharusi, maradhi sugu ya mapafu na saratani ya mapafu.

Hapo ndipo naona tofauti ya maneno mawili tunayoyatumia kila siku bila kuyapima. Hewa ni ya wote, ipo uani na barabarani. Pumzi ni ya mtu. Binamu yangu alisoma hewa, shangazi akazungumzia pumzi. Serikali za kaunti zinapoanza kununua vifaa vya kupimia, wanaofanya maamuzi wafaa kuulizwa kama vitatundikwa juu ya paa la ofisi tu, au baadhi vitamfuata mchoma mahindi, utingo wa matatu na mpishi wa shule.

Kabla ya kuondoka siku ile, binamu yangu aliweka simu mfukoni, akaenda kuanua kuni zilizokuwa zimeloa na kuzipanga juani. Gesi, alisema, wataanza kuweka akiba ya kuinunua mwezi huu. Shangazi alimtazama tu, akainama tena kuchochea moto. Chai ilikuwa bado haijachemka.